Ya kwetu spamu, ya mwizi inboksi: kisa cha geshti moja Jambiani

Jumamosi ya tarehe 12 Julai niko zangu Darajani nanunua waya, simu ikalia, mama mdogo. Hata shkamoo hakunipa nafasi. "Mwanangu njoo, imeili zetu haziendi, kuna Mjerumani ananisema vibaya huku WhatsApp." Nkamuuliza haziendi vipi, zinarudi au? "Haziendi tu! Kijana wa mapokezi anamjibu kila siku, yeye anasema hajajibiwa hata mara moja, na sasa keshapata chumba Paje."

Mama mdogo ana geshti Jambiani, vyumba 8, ya siku nyingi, na kipindi hichi cha kusi ndio msimu wake, Julai na Agosti ndio inayomlipia mishahara mpaka masika. Mgeni wa siku kumi akikuponyoka hivi hivi inauma. Nikapanda daladala ya 309 nikaenda.

Kwa kawaida mtu akiniuliza mbona imeili zangu zinaingia spamu namjibu haraka haraka, angalia SPF yako, washa DKIM, kwaheri. Hapa jibu hilo lingekuwa nusu tu ya kweli, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo iliyokula hela.

Nilipofika nkamwambia kijana hebu nitumie imeili moja kwenye Gmail yangu, andika chochote. Akatuma. Inboksi hamna, nikafungua spamu, iyo hapo. Nikaifungua kwa ile sehemu inayokuonyesha barua kama ilivyokuja, na vichwa vyake vyote, maana huko ndiko seva iliyopokea inakoandika ilichokiona. SPF: kosa la kudumu. DKIM: hamna. DMARC: hamna. Tatu kwa tatu hamna kitu.

Kwa asiyezijua hizi herufi nieleze kidogo. Mfumo wa kutumiana imeili umeandikwa 1982 na ndani yake hakuna kinachomzuia mtu kujiita jina analotaka, ni kama bahasha, nyuma unaandika mtumaji yeyote, posta hawakuulizi. Ndo baadae zikaja hizi tatu. Domeni ni lile jina la tovuti na imeili zako, na DNS ni kitabu cha wazi mtandaoni ambamo kila domeni ina maelezo yake. SPF ni orodha unayoiweka kwenye DNS ya domeni yako kwamba seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina langu ni hizi na hizi. DKIM ni saini, kila barua inatoka na muhuri ambao mpokeaji anaulinganisha na ufunguo uliouweka hadharani. DMARC inakuja juu yao, inauliza je hilo jina analoliona msomaji kwenye "kutoka kwa" ndilo hilo hilo lililothibitishwa na SPF au DKIM, maana SPF peke yake inaangalia anwani ya nyuma ya bahasha ambayo msomaji wala haioni, na kama hailingani ifanyweje, iachwe, iwekwe pembeni au ikataliwe.

Sasa kwa mama mdogo SPF ilikuwepo, tena zilikuwepo mbili, na hapo ndipo tatizo lilipo. Geshti ilihama hostingi, yaani kampuni inayowawekea tovuti na imeili, miaka ya nyuma, aliyehamisha akaweka rekodi mpya na ya zamani hakuifuta. Kanuni ya SPF inasema domeni iwe na rekodi moja, zikiwa mbili seva haichagui, inasema kosa na inaendelea na shughuli zake. Na ule ufunguo wa DKIM nao ulibaki huko huko walikotoka. Kwa hiyo kila barua ya geshti ilikuwa inatoka bila kitambulisho chochote, na tangu Februari 2024 Gmail wametangaza kwamba kila mtumaji, hata mdogo, awe na SPF au DKIM, na wanaotuma elfu tano na zaidi kwa siku wawe nazo zote pamoja na DMARC.

Nikajiona nshamaliza. Nkamwambia mama mdogo dakika ishirini tu nakula chai naondoka. Nikafuta rekodi ya zamani, nikawasha DKIM, nikasubiri DNS ienee, tukatuma tena. SPF sawa, DKIM sawa, nikafurahi, nikafungua Gmail yangu. Spamu.

Hapo ndipo yule kijana akasema kitu ambacho angekisema toka asubuhi ningekuwa nshafika mbali. "Kaka, mie nilijaribu pia kumjibu yule Mjerumani kwa Gmail yangu mwenyewe, nayo hakuipata." Gmail yake mwenyewe! Hapo domeni ya geshti haimo kwenye utumaji hata kidogo, inatuma seva ya Google kwenda seva ya Google, vitambulisho vyote vimetimia. Nkamwambia nionyeshe uliyomtumia. Barua nzuri, ya adabu, bei, chai ya asubuhi imo, na chini kabisa saini, jina lake, namba ya simu, na linki ya tovuti ya geshti.

Nikamwambia nitumie mie hiyo hiyo kama ilivyo. Spamu. Sasa futa linki tu, usiguse kitu chengine, tuma tena. Inboksi.

Nikaiweka chai chini. Maana yake hawa wanaochuja hawakuwa wanamkataa mtumaji, walikuwa wanalikataa jina la geshti lenyewe popote linapotajwa, hata kwenye barua ya mtu mwengine. Hichi watu wengi hawakijui, sifa ya domeni haiangaliwi kwenye "kutoka kwa" peke yake, inaangaliwa kwenye saini ya DKIM, kwenye anwani ya nyuma ya bahasha, na kwenye kila linki iliyomo ndani ya barua. Jina likishachafuka linamchafua kila anayelibeba.

Na hapa nataka nitumie mfano ambao nimeutumia pia kumueleza mama mdogo. Kitambulisho cha Mzanzibari kinasema wewe ni nani. Unakwenda kwa sheha unapata barua, unapiga picha, unapewa kadi, na hiyo kadi ukimwonyesha muuza duka atajua kweli wewe ndiye wewe. Lakini kadi haisemi kama unalipa madeni. Hilo liko kwenye daftari la muuza duka, lile la kurasa zilizoliwa na mafuta ya taa, ambalo huwezi kuliomba uandikiwe vizuri na wala huwezi kulisoma. SPF, DKIM na DMARC ni kadi. Sifa ya domeni ni daftari. Mie toka asubuhi nilikuwa nahangaika na kadi.

Daftari la Gmail hawakuonyeshi. Wana kifaa chao cha wenye domeni kinaitwa Postmaster Tools, nikaiingiza geshti humo, lakini kinataka mtu awe anatuma nyingi ndio kionyeshe kitu, kwa geshti inayotuma imeili kumi na tano kwa siku ndani ni kweupe. Kuna madaftari mengine lakini ambayo ni ya wazi. Linalojulikana zaidi ni la Spamhaus, hawa walianza London 1998, wana orodha za IP, yaani namba za seva, na wana orodha ya domeni mbaya inayoitwa DBL. Nikaiuliza kwa DNS kutoka kwenye simu yangu, ikanijibu 127.255.255.254, moyo ukanipasuka, kumbe hilo si jibu la kuwa umo kwenye orodha, ni jibu la kukwambia unauliza kupitia DNS ya wazi ya umma na sisi hatujibu huko. Nishawahi kuona fundi mmoja akimtisha mteja kwa namba hii hii. Nikaenda kwenye ukurasa wao wa kukagulia, bure, nikaandika domeni ya geshti.

Imo. Na kundi lake ni lile la domeni halali iliyotumiwa vibaya, upande wa ulaghai wa kuigiza kurasa. Hawa jamaa wanatofautisha, domeni iliyosajiliwa na mwizi ina alama yake na domeni ya mtu mwema iliyoingiliwa ina alama yake. Niliushukuru huo ustaarabu maana ulinipa pa kutafutia, yaani mtu keshaingia ndani ya nyumba, na kilichomo ni ukurasa.

Tukafungua paneli ya hostingi. WordPress, programu inayoendesha tovuti, haijaguswa kwa muda mrefu sana, kuna plagini, kiongezo chake, ya fomu ya mawasiliano aliyeitengeneza keshaitelekeza, na ndani ya folda ya mapicha kuna folda nyengine jina lake ni nukta halafu herufi tatu, humo mna ukurasa mzima wa kuigiza kampuni ya kusafirisha vifurushi, ingiza namba ya kadi yako tukuletee mzigo wako. Mama mdogo anauza chumba na samaki wa kupaka, hana khabari kwamba kwenye uwanja wake kuna watu wamefungua duka la kuibia kadi za Wazungu.

Nilitaka kuifuta hapo hapo, nikajizuia, kwanza nikapiga skrinishoti na kuchukua nakala. Kisha nikapita kila chumba cha paneli, na kwenye sehemu ya kupeleka imeili mbele nikakuta kilichonifanya nikae chini. Kulikuwa na kanuni moja imewekwa, kila barua inayoingia kwenye anwani ya mapokezi yenye neno invoisi, proforma au malipo, nakala yake iende kwenye anwani ya nje ambayo hakuna aliyekuwa anaijua. Kimya kimya, asili inabaki inboksi, hakuna kinachoonekana kimepungua.

Nikatoka nje, mama mdogo yuko barazani anapepeta mchele. Nkamuuliza, mama mdogo, karibuni kuna mtu yeyote alokuandikia mambo ya hela?

"Aa, hapana. Isipokuwa wale watu wa sola wa Dar, lakini hao wa siku zote. Wamebadilisha benki. Nshawapelekea adivansi juzi Alkhamisi, leo namaliza iliyobaki."

Kiasi gani?

"Adivansi milioni moja. Iliyobaki milioni mbili na laki nane na nusu."

Nkamwambia mama mdogo usilipe kitu leo, hebu nione hiyo barua.

Akanipa simu. Na kweli, barua imekaa vizuri. Imeingia inboksi tarehe 9, Jumatano. Jina la mtumaji ni jina lile lile la lile duka. Chini yake mazungumzo yote ya nyuma yamo, bei ya betri nne, swali lake kuhusu usafiri wa boti, jibu la mhasibu, yote yake kweli, hajabuni neno, na juu yake mistari minne mipya, akaunti yetu inakaguliwa kwa sasa tafadhali tumia hii. Nikaiona kwenye kompyuta, nikafungua vichwa. SPF sawa. DKIM sawa. DMARC sawa. Tatu kwa tatu, safi kuliko ya mama mdogo.

Safi kwa sababu haikuidanganya seva yoyote. Ilitoka kweli kwenye domeni iliyosema imetoka. Duka la kweli domeni yake inaishia .co.tz, hii inaishia .co basi, herufi mbili za mwisho hazipo. Ya .co.tz inasimamiwa hapa nchini, .co peke yake ni ya Kolombia na inauzwa kwa mtu yeyote duniani mwenye kadi ya benki. Na simu haikuonyeshi anwani, inakuonyesha jina, mpaka ubonyeze. Macho ya nani yataona tz imekosekana kwenye kitu ambacho hata hakionekani.

Nikaangalia usajili wake. Siku hizi ule mfumo wa zamani wa WHOIS kwa domeni nyingi umeachiwa nafasi na RDAP, lakini kazi ni ile ile, unauliza domeni imezaliwa lini. Imesajiliwa 3 Julai. Barua imeandikwa 9 Julai. Mtoto wa siku sita, hata nywele hajanyolewa, anadai milioni tatu na laki nane na nusu.

Hapa nitulie kidogo maana hapa ndipo kisa kilipo. Geshti ya miaka kumi ya mama asiyemdhulumu mtu imeingia spamu, na barua ya mwizi ya siku sita imeingia inboksi. Mtu ataniambia basi huo mchujo hauna maana. Mie sisemi hivyo. Daftari linafanya kazi yake vilevile linavyofanya la muuza duka, linaandika lililotokea. Kwenye domeni ya geshti lilitokea jambo baya kweli, watu waliibiwa kadi kwenye ule ukurasa, na aliyeandika hajui wala hajali kwamba mwenye nyumba alikuwa amelala. Kwenye domeni ya mwizi hakuna lililotokea bado. Barua moja, kwa mtu mmoja, kwa lugha ya kawaida, bila linki, bila kiambatisho, kwa mtu ambaye kila siku anaandikiana na jina linalofanana na hilo. Ukurasa mtupu si ukurasa mchafu. Wapo wanaoutilia shaka utupu wenyewe, Spamhaus wana orodha ya domeni zilizoonekana kwa mara ya kwanza, lakini inazishika kwa saa 24 tu, na mwizi mwenye subira ya siku sita keshapita.

Na anayetuma barua elfu kumi za mikopo hawezi kusubiri hivyo, atajulikana kwa wingi wake. Mchujo wa sifa umejengwa kwa ajili ya huyo. Huyu wa barua moja ni mnyama mwengine, na ripoti ya FBI ya mwaka 2023 iliweka hasara za wizi wa aina hii wa malipo ya biashara kwenye dola bilioni 2.9, ambazo si barua nyingi, ni barua chache zilizolengwa.

Kilichoniuma zaidi ni alivyonieleza mama mdogo mwenyewe. Nkamuuliza hukutilia shaka hata kidogo? Akanyamaza, akasema, "Nilishtuka. Yule mhasibu ni mtu wa Wete, siku zote ananianza assalaamu alaykum mama, habari za Jambiani. Safari hii kaniandikia Mpendwa Mteja. Nikasema huyu leo kaamkaje. Lakini kijana kaniambia za uongo zinaingia spamu zenyewe, na hii haimo spamu."

Kijana akaangalia chini. Mie sikumlaumu, kwa sababu maneno hayo hayo nshayasema mie kwa watu, tena zaidi ya mara moja. Mama mdogo alikuwa na daftari lake mwenyewe, la miaka minne ya salamu za mtu wa Wete, na lilikuwa sahihi, akaliweka chini kwa sababu mashine imesema sawa. Na mashine haikusema sawa, ilisema tu sijui ubaya wake.

Tukampigia mhasibu kwa namba ya zamani, si ile ya kwenye barua. "Mama, sie hatujabadilisha benki, na hiyo adivansi hatujaiona." Tukaripoti polisi, benki wakaandikiwa siku ya Jumatatu, ile milioni ilikuwa keshaitoa mtu siku ile ile ya Alkhamisi. Mpaka leo hamna kitu.

Kama aliyeweka ule ukurasa wa vifurushi ndiye huyo huyo aliyeiba barua sina ushahidi. Inawezekana mmoja alifungua mlango akauza ufunguo kwa mwengine, huko kwao ni biashara ya kawaida. Ninachojua mlango ulikuwa mmoja, pasiwedi ya paneli ya hostingi ilikuwa jina la geshti na mwaka iliyofunguliwa, na hiyo hiyo ndiyo ya imeili ya mapokezi, na imeandikwa kwenye karatasi nyuma ya kaunta ambapo wageni wanapiga selfi.

Usafishaji nitapita haraka. Pasiwedi zote mpya na kuingia kwa hatua mbili, kanuni ya kupeleka nakala imefutwa, tovuti nzima nimeishusha nikaijenga upya kutoka kwenye nakala ya zamani bila ile plagini, kwa sababu ukifuta folda moja huwezi kujua ameacha ngapi. SPF moja, DKIM imewashwa, DMARC nimeiweka kwanza kwenye hali ya kuangalia tu bila kukataa chochote, ripoti zinakuja kila siku, unaona seva gani duniani zinatuma kwa jina lako. Ya pili kuonekana humo ikawa seva ya mfumo wa kukata risiti ambao mama mdogo alisahau kama anao, kama ningeikaza DMARC siku ya kwanza risiti za wageni zingepotea. Wiki mbili baadae ndio nikaikaza.

Spamhaus wenyewe ukishasafisha unaomba kutolewa, bure, unaeleza ulichokikuta na ulichokifanya. Sisi tuliandika kwa urefu, kesho yake tukatoka. Mtu akikudai hela kukutoa kwenye orodha hiyo anakuibia mara ya pili.

Nikadhani Gmail nao watafuata. Hawakufuata. Wiki ya kwanza bado spamu, ya pili nusu kwa nusu. Hapo ndipo unapoelewa kwamba daftari ni mengi na kila duka lina lake, umelipa deni kwa huyu, yule wa kona ya pili bado anakukumbuka. Hamna fomu ya kuwaomba, kuna kukaa vizuri tu na kusubiri. Tulichofanya, kila mgeni aliyeulizia tulimwambia kwa WhatsApp kwamba jibu lako liko kwenye imeili, ukilikuta spamu litoe, na utujibu hata neno moja. Jibu la mtu halisi lina uzito, linaonyesha kuna anayeitaka hiyo barua.

Na hapo tukagombana. Mama mdogo ana orodha ya wageni wake wa zamani kama 900, akataka tuwaandikie wote kwa pamoja, tuwaombe radhi, tuwaambie tumerudi, na punguzo la asilimia kumi na tano.

Nkamwambia mama mdogo hasha.

"Hasha ya nini? Hawa watu wangu, wamelala kwangu, wengine nimewapikia mwenyewe."

Nikamfanyia hesabu. Gmail wanasema malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3, na wanapendelea yawe chini ya 0.1. Asilimia 0.3 ni watu watatu kwa elfu. Kwa 900, wakibonyeza watatu tu ile alama ya spamu ushavuka. Na mgeni aliyelala kwako miaka saba iliyopita hakumbuki jina la geshti, anakumbuka bahari. Atabonyeza. Na wengine anwani zao zimekufa, barua zitarudi, kurudi kwingi nako ni alama mbaya.

"Kwa hiyo nisiongee na watu wangu kwa sababu ya watu watatu."

Kwa sasa hivi ndio, nkamwambia. Hakuongea na mie siku nzima, akanipa wali bila mchuzi. Baadae tulikubaliana kuwaandikia wa mwaka huu na mwaka jana peke yao, kumi kumi kwa siku, kila mmoja kwa jina lake na kitu cha kumkumbusha, wewe ndiye uliyekuja na mtoto aliyeogopa kasa. Kijana aliandika zote kwa mkono. Wengi walijibu, wengine kwa maneno marefu, na naamini hizo ndizo zilizotusafisha kuliko kitu chochote nilichokiweka kwenye DNS.

Katikati ya Agosti Gmail zikaanza kuingia zote. Wageni wenye Outlook ndio waliochelewa, mpaka Septemba mwishoni bado moja moja inaingia taka. Msimu mkubwa ulikuwa keshakwenda na kusi lake.

Mama mdogo sasa hatumi hata shilingi bila kumpigia mhasibu, hata proforma ya waya wa elfu arubaini anapiga, mpaka yule bwana wa Wete kalalamika kwangu, "Mwambie mama yako sie bado tuko benki ile ile." Na mie utaratibu wangu kwa wateja nimeubadilisha, nilikuwa nawaambia domeni ikiwa chini ya siku thelathini muikimbie, sasa nawaambia siku thelathini ni mwanzo wa maswali tu, na namba ya akaunti ikibadilika hata domeni iwe ya mwaka 2000 mpige simu ile ya zamani.

Ile domeni ya .co niliiripoti kwa kampuni iliyoisajili, nikaambatanisha vichwa vya barua, ripoti ya polisi, kila kitu. Nilipata jibu la mashine kwamba ombi lako limepokelewa. Leo tarehe 3 Oktoba nimeiangalia tena. Ipo, haimo kwenye orodha yoyote, rekodi zake zote tatu zimekaa sawa sawa, na imetimiza siku 92.